Moto wa Njano

Kila Jumapili, saa nne asubuhi, Lamara hupiga simu
kutoka Thesaloniki, anakomlea bibi wa watu kwa mshahara.
Jumapili hii hakusalimu. "Zauri, nionyeshe jiko."

Nikageuza simu, nikawasha.
Akanyamaza kama daktari aliyeweka sikio kifuani.
"Wa njano," akasema. "Tangu lini?"
Nikasema tangu juzi.
Uongo. Ni tangu plamu zilipoiva hapa Kutaisi,
nilipojaribu ule mchuzi wake, nikasinzia mbele ya televisheni,
ukafurika, ukalia chwii, ukagandia kichomeo kama lami.
Sufuria zote zilikuwa mashahidi, kwa masizi ya matako yao.

"Funga gesi. Kule ukutani, siyo kwenye swichi tu."
Nikafunga.
"Sasa subiri lipoe."
Tukasubiri. Upande wake mtu alikohoa,
akaenda, akasema neno la Kigiriki, akarudi.

Nikaondoa vyuma vya kutegea sufuria, vifuniko vinne, pete nne,
nikavilaza katika beseni la maji moto na sabuni,
siki kidogo, kama alivyoagiza.
Miaka thelathini na moja nimeendesha lori,
injini naifungua gizani na kuifunga gizani,
ila kifuniko hiki sikuwahi kukiinua.
Chini yake: punje tatu za mahindi, njiti ya kiberiti,
na kifungo cha sare ya Natia, alipokuwa darasa la pili.
Lamara alikitafuta wiki nzima mwaka ule.
Akanishuku mimi.

"Matundu yazibue kwa sindano. Ile nene, kwenye kopo la biskuti.
Usithubutu kijiti cha meno, kitakatikia ndani."
Nikahesabu ishirini na nane.
Moja nililiruka. Akaliona.
"Hapo kushoto."

Kausha mpaka ndani, maji yakibaki moto utakohoa.
Nikakausha kwa fulana yangu; taulo sijui alizificha wapi.
Pete mahali pake, kifuniko juu, kisiyumbe.
Povu la sabuni kwenye paipu ya gesi: nikalikodolea macho,
halikuvimba, halikupumua.

Nikafungua. Tik, tik, tik,
na buluu.
Duara zima, meno madogo ya buluu, hakuna pengo.

Lamara hakusifu. Baada ya muda akasema,
"La huku ni la umeme. Kioo kitupu.
Unapitisha kitambaa mara moja, kwisha.
Lakini hakuna cha kutazama. Bibi huniuliza,
mbona umesimama hapo?"

Nikateleka kahawa katika kibirika cha shaba.
"Usibanduke," akanionya.
Sikubanduka. Nikaegemeza simu kwenye kopo la chumvi,
tukautazama, yeye kule, mimi huku,
wala hakuna aliyesema kitu,
mpaka kahawa ikapanda, ikamwagika,
na upande mmoja wa duara ukageuka njano.

"Zauri!"

Nilikuwa nimesimama palepale.