Jirani wa Ng'ambo ya Kijito

Kutoka dirisha hili la Valka
naiona taa ya Kaupo kule Valga,
mji mmoja uliomegwa na mpaka
kama mkate, makombo yakabaki katikati.
Nikirusha donge la theluji litafika.
Lakini barua yangu kwake, hadi jana,
ilipanda Riga, ikavuka bahari,
ikazunguka Stockholm, ikashukia Tallinn,
ikaja tena kusini
kumgongea mtu ninayemsikia akikohoa.

Februari. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Waya wa kioo tumeshaupitisha chini ya daraja.
Yamebaki maneno. Naandika:
jirani, anwani yake, namba yake,
neno la siri, ambalo ni jina la mbwa wake aliyekufa.
Kisha nitakachompa:
mitaa yangu mitatu, shule, zahanati, kiwanda cha mbao.
Na nitakachopokea: vya kwake tu.
Usinitangazie dunia nzima, Kaupo,
daraja letu ni la baiskeli.

Ruta ikaandika: amilifu.
Asiyejua hulishangilia neno hilo.
Maana yake ni mtu anayebisha
na ndani hakuna anayeitika.
Saa nzima, amilifu. Hodi, kimya. Hodi, kimya.

Akapiga simu. Hatuna lugha ya pamoja
ila Kiingereza cha kuokoteza,
tukasomeana tarakimu moja moja
kama watoto wa chekechea:
sita, nne, tisa, tatu, moja.
Moja, tatu, akasema. *Moja*, tatu.
Nilikuwa nimezipindua.
Kidole changu kimeweka kizuizi
pale ambapo hata askari walishaondoka.

Saa nane na dakika sita, akaitika.
Njia kumi na nne zikaingia kwa mkupuo.
Nikapima: kwenda na kurudi,
chini ya sehemu ya elfu ya sekunde.
Kesho Bibi Velta atampigia dadake wa ng'ambo
na hatajua lolote, atauliza tu
mbona leo sauti yako iko karibu, umekunywa nini?

Sasa ruta zetu, kila dakika, zaambiana: nipo.
Dakika tatu za kimya, na sheria ni kali:
futa kila njia uliyofundishwa na jirani,
kana kwamba hukuwahi kumjua.

Taa ya Kaupo imezimika.
Amelala, nadhani.
Naitazama skrini badala ya dirisha.
Nipo, inasema. Nipo.
Nami sijavua koti.