Rasimu ya Saba

Tulikuwa tisa, katika shule iliyofungwa kwa kukosa watoto,
kisiwani Sandoy, wiki ya pili ya Oktoba,
magoti yetu yakigonga madawati ya darasa la tatu.
Hanus, fundi wa injini za feri, alikuja na riwaya
ndani ya kasha la spana.
Eyðbjørg, daktari wa meno, aliandika mapenzi
kwa mwandiko wa cheti cha dawa.
Mimi, ninayelipwa kuhesabu samoni vizimbani,
nilileta hadithi ya kurasa kumi na mbili:
dume la kondoo wa jirani alianguka gengeni
mwaka nilipokuwa na miaka kumi.

Malan hakutufundisha ilhamu. Alitugawia penseli, vifutio,
na saa mbili za kimya kabla ya staftahi.
"Ilhamu ikija," alisema, "itatukuta jikoni."
Siku ya kwanza aliufuta ukungu wangu wote:
ukungu kama pamba, ukungu kama maziwa, ukungu kama huzuni.
"Fungua dirisha. Umejaa nje, bure.
Huna haja ya kuununua kwa wino."

Siku ya pili zikaenda kurasa nne za mwanzo
(babu, kijiji, bei ya sufi),
nilizozipenda kama mtu apendavyo jino lake bovu.
"Ling'oe tu," akasema Eyðbjørg, hata hakuinua kichwa.

Lakini alama iliyoniuma ilikuwa ndogo,
kistari chini ya neno moja, ukurasa wa tisa:
*Usiku ule lango lilifunguka.*
Na pembeni: *Na nani?*

Nikajibu kwa rasimu. Ya tatu, upepo.
Ya nne, kutu ya komeo. Ya tano nikatia chumvi,
dhoruba, radi, bahari ikipanda hadi malishoni.
Ya sita sikumwonyesha.
Kila mara penseli ileile, swali lilelile, bila hasira,
kama mtu agongaye mlango huku akijua wenyewe wamo.

Ajabu ya vitenzi. Konsonanti moja tu
na mkono wa mtu unatoweka.
Kikombe kilivunjika. Barua ilichanika. Lango lilifunguka.
Lugha imetuachia mlango wa nyuma,
nami nilikuwa nikiupita kwa miaka thelathini na minane.

Usiku wa nne sikulala. Upepo ulitikisa bati,
na chini, jikoni, Hanus alikuwa akikata
nyama ya kondoo iliyokaushwa, vipande vyembamba,
akijisomea mazungumzo yake, sauti ya mume, sauti ya mke,
akikosea, akirudia, akikosea.
Nikashuka. Akanisogezea sahani, hakuuliza kitu.
Mficha uchi hazai. Nikaandika palepale, mafuta vidoleni:

*Niliacha lango wazi.
Nilikuwa na haraka ya kutazama televisheni kwa akina Sunnvá.
Asubuhi walimuuliza kaka yangu Tróndur, nami nikanyamaza.
Alimlipia dume yule kwa kiangazi kizima,
kiwandani, akitumbua samaki. Alikuwa na miaka kumi na minne.*

Kurasa kumi na mbili zikabaki moja na nusu.
Malan alisoma, akahamisha mkato mmoja,
akafuta sentensi ya mwisho, ile ya kuomba msamaha.
"Hii si ya msomaji," akasema. "Ina anwani yake."

Jumatatu niliipeleka posta, pamoja na hadithi, kwenda Esbjerg,
ambako Tróndur anaendesha kreni bandarini.
Wiki tatu. Nilihesabu samoni, nikakosea, nikahesabu upya.
Jibu lilikuja katika bahasha yangu mwenyewe,
imegeuzwa ndani nje. Barua hamna. Karatasi yangu tu,
neno moja limekatwa kwa kalamu ya bluu,
na juu yake, kwa herufi za mtu asiyezoea kuandika:
*Hakuwa mweupe. Alikuwa wa kijivu, na pembe moja imevunjika.*

Nimechonga penseli.