Sarafu ya Mia Mbili

Fundi wa kwanza alisimama mlangoni mwa bafu,
viatu hakuvua.
"Mama, hapa ni kung'oa tu,"
akasema, kama daktari wa meno aliyechoka.
Akaandika nyuma ya stakabadhi ya korosho
niliyompa kwa kukosa karatasi:

marumaru boksi kumi na nne, laki tatu tisini na mbili;
gundi mifuko mitano, sabini na tano elfu;
kubomoa hamsini, kifusi kukibeba ishirini,
ufundi laki na themanini.
Chini ya jumla akapiga mistari miwili:
laki saba na kumi na saba.
"Bila soda ya vijana," akaongeza, akacheka peke yake.

Niliigeuza ile stakabadhi.
Huku, kilo tulizopeleka ghalani mwezi wa Kumi,
fedha yake chama wanasema iko njiani.
Huku, bafu.
Upande mmoja ninadai. Upande wa pili nitadaiwa.

Nikampigia Chivatu, yuko shamba, Tandahimba.
"Laki ngapi?"
"Saba."
"Sikusikii."
"Saba!"
"Sikusikii, mama Fikiri, sikusikii kabisa."
Alisikia.

Na huku mpangaji wangu, muuguzi wa Ligula,
ukuta wake umeota ramani:
kila nikioga
inaongezeka wilaya.

Fundi wa pili alikuja na begi la shule,
Somoe Nachundu, binti wa juzi tu, wa Chikongola.
Alivua ndala. Akapiga magoti.
"Una sarafu, mama?"
Nikafungua pindo la kanga, nikampa mia mbili.
Akagonga marumaru moja moja, sikio kalitega
kama mtu anayechagua nazi:
ko. "Hii imeshika."
ko. "Hii imeshika."
ko, ko, ko, safu nzima,
mpaka pembeni kwenye shimo la maji:
pwo.
"Hii imeachia."
Katika zote, tatu.

"Meno ni mazima," akasema. "Kilichokwisha ni ufizi."

Naye akapiga yake, kwa mdomo:
grauti pakiti tatu, ishirini na nne elfu;
dawa ya kuziba kona, kumi na mbili;
mikono yake siku mbili, sitini.
Tisini na sita.
"Zile tatu tutaokoteza dukani, masalia.
Ila sikudanganyi, rangi haitalingana.
Na maji yako ya kisima yana chumvi.
Miaka saba, utaniita tena."

Usiku nikafanya hesabu, taa imezimwa.
Tisini na sita mara saba
haijafika laki saba na kumi na saba.
Miaka saba mara saba, arobaini na tisa;
nina hamsini na nane.
Kabla ya kumwita mara ya saba
nitakuwa nimeshaogeshwa, na wengine,
kwa maji yasiyomvujia mpangaji.

Siku mbili alikwangua,
kwaru, kwaru, katikati ya mistari,
nyusi zikawa nyeupe kama za bibi yangu.
Zile tatu alizopata ni za kijani.
Bafu langu la waridi sasa lina kona ya mchicha.
"Usimwage maji mpaka kesho kutwa," akaniagiza,
akarudisha sarafu yangu, kaifuta vumbi.

Basi jioni nikaenda kuoga kwa jirani, Hadia.
Bafu lake jipya, la Idi iliyopita,
maua ya dhahabu mpaka darini,
kazi ya yule wa viatu.
Nilijimwagia. Nilijisugua.
Halafu, Mungu anisamehe,
nikafungua pindo.

Pwo.
Nikasogea.
Pwo.
Chini ya ndoo, nyuma ya mlango:
pwo, pwo.

Nikajifuta. Sarafu nikaifunga mafundo mawili.
Hadia alikuwa ukumbini, ananisubiri.
"Laki tisa," akasema, "lakini si unaona mwenyewe?"
"Naona, Hadia. Hongera,"
nikajibu, nikabeba ndoo yangu,
nikikanyaga polepole.