Njoo na Mzazi

Januari alikuja peke yake,
buibui juu ya sare, marinda ya kijani yakichungulia chini,
soksi nyeupe zimekwisha rangi kwa vumbi la Magongo.
Dirisha langu la usajili lina tundu la kusemea,
kikombe hakipiti.
Akainama, akasema jambo,
lori la kontena likapita, likalimeza.
Hebu rudia, nikamwambia.
Akarudia, kwa sauti ya mtu anayekopa dukani:
"Sindano. Ile ya miezi mitatu."

Nyuma yake benchi lilikuwa na watu kumi na mmoja
na wote walikuwa na masikio.

Umri? Kumi na sita.
Mamako anajua?
Sikuuliza kwa ubaya. Ndivyo ninavyojiambia
nikipanga mafaili, nikivunja kashata kwa meno:
sikuuliza kwa ubaya.
Juu ya kichwa changu palibandikwa bango,
msichana anacheka, KARIBU, HUDUMA NI HAKI YAKO,
pembe moja gundi imeachia.
Nami nikasema, kwa sauti ile ya dirisha,
"Njoo na mzazi."

Akaenda. Jina sikuliandika.
Asiyehudumiwa haingii daftarini.

Sasa ni Agosti. Malori yangali yanapita.
Mji huu hupokea mizigo ya dunia nzima,
matairi, mitumba, vigae vya bafu,
winchi za bandarini hazijui usiku,
na kwetu sindano ziliisha Machi,
tukaambiwa ziko njiani.

Jumatano, siku ya wajawazito.
Mkono umeingia tunduni na kadi.
Niliujua mkono kabla ya uso,
kucha zilizotafunwa, doa la wino kwenye kidole cha kati
ambalo huenda si wino tena.
Jina? Mejumaa Mwakulola.
Umri? Kumi na sita, bado.
Kazi?
Akalitazama bango. Bango likaendelea kucheka.
"Nilikuwa mwanafunzi."
Safu ya kazi ni nyembamba,
neno "nilikuwa" halikuenea.

Kisha, kwa mazoea tu, nikachungulia nyuma yake,
na mdomo huu usio na adabu ukanitangulia:
"Mzazi yuko wapi?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika.
Alilishika tumbo kwa mikono miwili
kama aliyepewa sinia lililojaa pomoni
na hajaonyeshwa pa kulitua.
"Si uliniambia nije na mzazi?
Nimekuja naye."

Kalamu ya dirishani tumeifunga kwa uzi
watu wasiondoke nayo.
Nilivuta. Uzi ukakaza.
Jina lake lilikuwa pale pale, shubiri moja,
sikulifikia.

Nyuma kuna mtu akakohoa,
akauliza kwa nini foleni haisogei.