Kipimo cha Behewa la Mwisho

Kiuno chake nakijua kuliko mkewe.
Inchi ishirini na nane, mwaka ule wa ukame,
alipoingia kibandani kwangu Gongoni
na kitambaa cha kaki kilichomla mshahara wote wa reli.
"Nishonee arobaini na nne."
Nikadhani ni ya babake.
"Ni yangu," akasema. "Iwe inaanguka,
lakini isianguke."

Kamuulize fundi yeyote Tabora hii
kama amewahi kupewa kazi kama hiyo.
Nilifumua mara sita.
Mwishowe nikaficha mpira wa baiskeli
ndani ya pindo, upande wa kushoto tu,
na kifungo kimoja kisichofunga kitu.
Siri hiyo hata mume wangu hakuipata.

Jina lake Mgalula Sizya.
Watu walimwita Behewa la Mwisho,
maana bendi ikipiga, wenzake wanne
wanaondoka pamoja, kulia, kulia, chini,
yeye bado yuko stesheni,
anatazama huku na huku kama aliyesahau mzigo.
Halafu, mapigo mawili baadaye,
si moja, si matatu,
kiuno kinashtuka, goti linafuata, kichwa kinagonga mwisho,
na suruali inaanza safari yake yenyewe kwenda chini.

Ukumbi ndio ulioanguka.
Wauza asali wa Sikonge, makarani wa tumbaku,
wanafunzi waliotoroka bweni,
hata mjane mmoja aliyekuwa edani
akichungulia dirishani kwa jirani,
akalazimika kung'ata pazia.

"Kuchelewa ni kazi," aliniambia,
mimi pini mdomoni, siwezi kumjibu.
"Anayewahi hahesabu.
Mimi humu ndani nahesabu kama karani wa benki."

Thelathini na mbili. Thelathini na sita, alipooa.
Bendi ikaenda Urambo, ikaenda Nzega,
ikarudi na madeni.
Wapiga gitaa wakapanda treni ya Dar mmoja mmoja.
Akabaki mpiga ngoma, naye akaokoka.

Siku moja nikamzungushia futi,
nikaisoma, nikaisoma tena.
Arobaini na nne.
Suruali ilimkaa. Ilimkaa kama ya mwalimu mkuu.
Tulitazamana kwenye kioo changu chenye ufa
na hakuna aliyecheka.
"Ongeza," akasema.
Kaki ya aina ile haikuuzwa tena mjini;
nikaunga kwa turubai la lori.

Akacheza na turubai lake kwenye harusi,
kwenye kampeni za madiwani,
mbele ya duka jipya la simu, juani, kwa elfu tano na soda.
Muziki ulitoka kwenye kompyuta.
"Kompyuta haina macho," alilalamika.
"Mpiga ngoma alikuwa ananiangalia.
Hii haijui kama nimebaki nyuma
au nimefika mwisho."

Kisha sukari ikamshika, nami nikarudi kupunguza:
arobaini, thelathini na tatu,
ishirini na nane, kama siku ya kwanza.
Akaniachia suruali niitengeneze,
akaenda Mpanda kwa bintiye Nyanzala.

Mwili ulitakiwa kufika saa mbili asubuhi.
Saa tatu. Saa tano. Tumesimama stesheni,
jua limepanda juu ya mabati.
Stesheni masta akatoka, kofia mkononi:
"Ndugu wafiwa, poleni. Treni imechelewa.
Na mtasogea hadi kule mwisho,
yeye yuko behewa la nyuma kabisa."

Kimya.
Moja.
Mbili.

Mkewe ndiye aliyeanza.
Wanawake wakajaza khanga midomoni,
shehe akageukia ukuta, mabega yanamtikisika,
wachukuzi wakaketi chini juu ya mizigo ya watu.

Mimi nilikuwa na suruali kwapani.
Sanda haipimwi kiuno, najua.
Niliibeba tu.
Nikaingiza kidole kwenye pindo la kushoto:
mpira bado unavuta.