Dari ya Shangazi Klotilde

Bwana Bissig, usitaje bei kwanza.
Acha nipanguse vumbi.

Hiki ni kibeji cha bati, cha kubandika kifuani.
HAPANA, kinasema, kwa herufi nyekundu.
Pini yake ingali kali. Imenichoma sasa hivi.

Mabango haya arobaini na mawili hayakubandikwa;
theluji ilifunga barabara ya Altdorf wiki ile ya mwisho.
Tazama: kitanda cha mtoto, na juu ya mto,
pale ambapo kichwa kingelala,
karatasi ya kura.
Nilikuwa na miaka sita. Niliogopa kusinzia,
nisije nikaamka nimekuwa karatasi.

Shangazi mwenyewe hakuzaa.
Alikuwa na baiskeli, taipureta, na wanawake kumi na tisa
walioapa kwamba siasa si kazi ya mwanamke,
kisha wakajifunga vibwebwe:
wakagawana vijiji, wakahesabu milango,
wakaandika nani anayumba,
mume wa nani apelekewe keki ya mapeasi
kabla ya Jumapili.
Daftari hili hapa. Hata senti ya stempu imo.
Nimefanya kazi na makatibu wa vyama watatu;
hakuna aliyemfikia.

Wakashinda.
Wanaume walikwenda wakasema hapana,
na Shangazi akasubiri matokeo nje, kwenye ngazi,
kwa sababu ndani
hakuruhusiwa.

Usiku ule Mama alimuuliza: Umeshinda nini, wifi?
Akajibu: Funga mlango, baridi inaingia.

Miaka kumi na miwili baadaye sheria ikageuka.
Oktoba ile nilimwona kwenye foleni,
wa nne kutoka mlangoni, kofia ya kanisani, glavu nyeusi.
Shangazi! nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyekanyagiwa sakafu mbichi.
Unadhani wale wengine watakaa nyumbani?
Sikujua alimpigia nani. Kura ni siri,
ndiyo zawadi pekee aliyoipokea
kutoka kwa maadui zake.

Mabango chukua. Daftari chukua,
lakini wasomee watu hesabu zake, sio matusi tu.
Kibeji pia, haya.

Koti siuzi. Ni sufu nzito, linanitosha mabegani.
Upande wa moyo lina tundu, dogo kama punje ya mtama,
alipokuwa akibandika.
Kila siku ya kura hulivaa,
na baridi hupitia hapo.