Jiwe Katika Mashine ya Kufulia

Mashine ya tatu inagonga usiku huu,
ko, ko, ko, kama mdai asiyechoka mlangoni.
Miaka ishirini na sita nafua jezi za chuo hiki,
chini ya uwanja, ambapo shangwe hunifikia
kama vumbi tu la darini.
Najua kiuno cha kila kijana. Najua jasho la aliyecheza
na jasho la aliyekaa benchi akiomba asiitwe.

Saa tano kasorobo akateremka Tavaris,
akainama mlangoni kwa mazoea ya urefu wake.
Miaka kumi na tisa, viganja kama masinia.
Kesho usiku wa manane orodha inafungwa:
aandike jina, aende kwa wanaocheza kwa mshahara,
au abaki nasi hapa Illinois mwaka mwingine.

"Kocha asema nibaki, niive.
Wakala asema tunda likipitiliza huokotwa chini.
Mama hasemi kitu.
Akitoka kiwanda cha kuku
huloweka mikono katika maji ya chumvi,
na mimi naisoma ile mikono."

Nikamkumbuka Corliss.
Tulimwambia subira huvuta heri,
naye akasubiri, mtiifu, hadi Januari
alipotua vibaya juu ya goti.
Uwanja mzima ulinyamaza. Ukimya ule
ndio pekee uliowahi kunifikia huku chini mzimamzima.
Siku hizi anauza matairi, kando ya barabara ya Carbondale.

Nikamkumbuka na Rudell, aliyewahi.
Suti rangi ya zabibu, ukumbi wa kukodi, shangazi zake wote.
Majina yakasomwa hadi la mwisho, lake halimo.
Keki ikakatwa vivyo hivyo.
Huniletea kadi kutoka Poland:
"Baridi, mzee. Hulipa wakikumbuka."

Basi niegemee wapi?
Methali ni marefa wawili waliokosana:
huyu apuliza filimbi, yule apunga mkono mchezo uendelee.
Nikamsukumia rundo la taulo. "Kunja."
Akakunja, kona kwa kona, kama aliyefunzwa na mtu mkali.

"Mashine ina nini?"
Nikaizima, nikapapasa ndani,
nikatoa jiwe. Lilikuwa katika mfuko wa bukta yake.
Akaona haya, mtu mzima yule wa futi sita na inchi tisa.
Kisha akalielekeza kwenye taa:
"Ona hivi vipete. Ni kiumbe. Hapa palikuwa bahari,
hapa hapa, chini ya mahindi haya yote.
Alhamisi tuna mtihani wa miamba."
Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo,
hata usiku ule alipofunga pointi thelathini na nane.
"Umemwambia nani habari hizi?"
"Nani ameniuliza?"

"Jiwe halina haraka," nikasema, nikajuta papo hapo.
"Jiwe halina mama," akajibu, bila hasira,
akaendelea na taulo.

Ameondoka sasa. Hakuniambia, nami sikumsukuma.
Namba kumi na nne ingali mbichi,
nimeirudisha kwenye joto izunguke.
Kuna kabati la wanaobaki, na kuna boksi la waliokwenda.
Nimeketi katikati
na jiwe lake kiganjani,
bado vuguvugu.